Programu nimeandika mimi, mradi kapewa mwingine. Niache kazi niende Dar?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Iringa na mume wangu, watoto na mama mkwe. Ni karani wa mikopo katika SACCOS moja ya watumishi. Kidato cha nne nilipata F ya Hisabati, nikasoma cheti cha uhasibu kwa sababu ndicho kilichopatikana, na tangu hapo maisha yangu ni vitabu vya hesabu: kupokea fomu, kutengeneza ratiba za marejesho, kuwafuatilia waliochelewa, na mwisho wa mwezi kufunga hesabu.

Huo mwisho wa mwezi ndio ulionifikisha kwenye haya ninayokuandikia. Ofisini tulikuwa na faili la Excel ambalo kila karani aliyepita ameliongezea lake. Fomula nyingine zimekatika na hakuna anayejua zilikatikia wapi. Nilikuwa natoka ofisini usiku na bado jumla ya mikopo haikubaliani na daftari. Mdogo wangu anayesoma chuo Dodoma alikuja likizo, akanikuta mezani na kikokotoo, akasema, "Dada, hiki unachokifanya kwa vidole kompyuta inakimaliza kabla hujameza mate." Akaniwekea kwenye simu masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nilianzia hapo hapo kwenye simu, kwa bando la kuungaunga. Zamu yangu ya mchezo ilipofika nikanunua kompyuta ya mtumba. Nikishalaza watoto nakaa nayo jikoni hadi usiku wa manane.

Shangazi, sijui nikuelezeje furaha niliyoipata siku ratiba ya kwanza ilipotoka sawasawa. Haikuja kirahisi. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12 programu ilinipa 83,333 kila mwezi. Nikajumlisha, nikapata 999,996. Shilingi nne hazipo. Kwenye vitabu tunajua tunazifanyaje: mwezi wa mwisho mwanachama analipa 83,337 ili deni lifike sifuri. Ila sikujua namna ya kuiambia mashine. Nilipoweza, nilimwamsha mume wangu nimwonyeshe.

Nikaongeza riba, nikaongeza faini za waliochelewa, nikaongeza orodha ya wadhamini wa kupigiwa simu. Mwezi nilioitumia kwa mara ya kwanza, hesabu zilifungwa mchana. Nikamwonyesha meneja. Alifurahi sana, akasema ofisi imepata mkombozi. Kikao cha wafanyakazi kilichofuata akatangaza kwamba "mfumo wetu mpya" atakabidhiwa kijana wa kompyuta, aliyeajiriwa mwaka huu, aukamilishe. Mimi akaniambia mbele za watu, "Wewe mama endelea na vitabu, mambo ya mifumo yana wenyewe." Kijana si mbaya. Haipiti siku hajaja mezani kwangu: "Dada, hii riba ya salio linalopungua mnaipigaje? Mtu akilipa nusu, faini inahesabiwa kwenye kiasi kipi?" Namjibu. Halafu ripoti iliyokwenda bodi ina jina lake peke yake.

Nikiwa na hasira hizo, mdogo wangu akanitumia tangazo la kampuni moja ya Dar inayotengeneza mifumo ya taasisi ndogo za fedha. Nikawatumia programu yangu pamoja na faili la wanachama wetu ili waione ikifanya kazi. Wakanifanyia usaili kwa simu, na sasa wananiita kwa mafunzo ya vitendo ya miezi sita, posho 300,000 kwa mwezi. Ajira baada ya hapo hawajaahidi. Mshahara wangu ukishakatwa makato ni 620,000. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Nyumbani nako kumeingia ubaridi. Mume wangu ni fundi magari, mtu mpole. Mwanzoni alikuwa upande wangu, siku hizi anasema kompyuta ndiyo mume wangu. Nilipomwambia habari ya Dar alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nenda ukitaka, watoto wanabaki." Mama mkwe ndiye anayekaa na watoto mchana, naye anasema mwanamke wa kukesha na mashine hajapata kumwona.

Nakuomba uniambie ukweli. Kwa umri huu, na F yangu, na Kiingereza cha kuokoteza, nafukuza upepo? Niende Dar? Na huyu meneja nimwambie nini?

Mama Wawili, Iringa


Marahaba, mwanangu.

Utaniwia radhi nianze na jambo ambalo hukuniuliza, maana hilo haliwezi kusubiri mwisho wa mwezi.

Faili ulilowatumia watu wa Dar lina majina ya watu, namba zao za simu, mishahara, madeni, na majina ya wadhamini wao. Wale watumishi waliipa SACCOS taarifa hizo ili wakopeshwe. Hawakuzitoa zifike kwa kampuni wasiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na chama chako kina wajibu chini ya sheria hiyo ambao hakiwezi kuutimiza bila kujua kilichotokea. Iandikie kampuni leo, uwaombe walifute faili hilo pamoja na nakala yoyote waliyogawana, na wakuthibitishie kwa maandishi. Wakijibu, au wakikaa kimya siku mbili, nenda kamwambie meneja mwenyewe kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Najua nakutuma mahali pagumu, tena kwa mtu aliyekudhulumu, na inawezekana akakujia juu. Lakini kazi unayoitaka inasimama juu ya watu kukuamini na siri zao, na mwenye deni kwenye faili lile pengine ndiye anayemfundisha mwanao kusoma.

Baada ya hapo tengeneza faili la wanachama wa kubuni. Mmoja awe amelipa vizuri, mwingine amelipa nusu, mwingine amelipa zaidi, mwingine ameacha kazi, mwingine amefariki, mwingine ana mikopo miwili, na mwingine ni mdhamini ambaye naye anadaiwa. Hilo litakufaa kuliko la kweli. Kila unapobadilisha mstari kwenye programu, unaipitisha kwa watu hao wote na kuangalia hesabu ya nani imeharibika. Hayo ndiyo majaribio, na wengi wanaojiita mafundi wa mifumo hawayaandiki.

Sasa tuje kwenye shilingi nne. Nimeishi kwa kuandika programu za fedha kabla sijakaa kwenye safu hii, na nimewaona watu wenye shahada wakiziacha shilingi kama hizo zipite. Matokeo yake yanaonekana mwaka unaofuata. Mwanachama amemaliza mkopo, mfumo unasema bado anadaiwa shilingi 4. Deni halifungi, wadhamini wake hawaachiwi, akija kuomba mkopo mwingine mfumo unamkatalia, na mtu wa dirishani hana jibu la kumpa. Wewe uliziona usiku jikoni kwako, ukajua zinatakiwa kwenda wapi, ukakaa hadi ukaiambia mashine ielewe. Mwanangu, kuandika programu ni huko. Huna haja ya kungoja mtu akupe ruhusa ya kujiita mwandishi wa programu.

Na hiyo riba unayomwelekeza kijana kila siku, hebu tuipige kwa namba ili wewe na wasomaji wengine muone uzito wake. Mkopo wa 1,200,000, miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukiipiga kwenye mkopo wote kila mwezi, mwanachama atalipa riba ya 18,000 mara 12, yaani 216,000. Ukiipiga kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza ni 18,000, wa pili 16,500, wa tatu 15,000, na kuendelea kushuka, jumla 117,000. Tofauti ni 99,000. Programu iliyochagua njia isiyo ya chama chenu haitatoa ujumbe wowote wa kosa. Itafanya kazi vizuri, itachapa ratiba safi, na itamtoza mwalimu au nesi 99,000 asizodaiwa. Anayeweza kuliona hilo ni mtu anayezijua kanuni za mikopo za chama, na mtu huyo ni wewe. Majibu unayoyatoa bure mezani kwako ni nusu ya mfumo, tena nusu iliyo ngumu.

F ya Hisabati usiibebe tena. Kazi uliyoiingia inataka kujumlisha, kutoa, asilimia, na akili ya kupanga masharti: likiwa hivi fanya vile, lisipokuwa hivyo fanya hivi. Unafanya hayo kila siku na unalipwa kwa ajili yake. Yapo matawi ya kompyuta yanayotaka hisabati nzito, kama kuifundisha mashine itambue picha, na ukitaka kuelekea huko siku moja itabidi urudi darasani kweli kweli. Kwa mifumo ya mikopo, kinachokosekana kwako ni kingine, na kinajifunzika. Jaribu hili usiku wa leo: iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na sehemu nyingine za desimali hazienei humo kikamilifu, ndiyo maana panabaki mkia. Kwa hiyo pesa zihifadhi kama namba kamili za shilingi. Asilimia zipige kwa Decimal, aina ya namba inayotunza desimali bila mkia huo, ambayo imo ndani ya Python yenyewe. Na uamue kwa makusudi unakadiria shilingi ya karibu katika hatua gani, kufuatana na kanuni za chama. Kisha muulize kijana, kwa upole, yeye anazihifadhi vipi.

Baada ya hilo, jifunze kuhifadhi taarifa kwenye hifadhidata badala ya faili la Excel. Anza na SQLite, inakuja na Python, haihitaji intaneti wala kompyuta yenye nguvu. Maelekezo rasmi ya Python unaweza kuyapakua yote mara moja ukayasoma bila bando. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inafuatwa bure, na tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp nayo ni bure. Chagua moja uimalize. Usizunguke zote.

Kiingereza cha kuokoteza kinatosha kwa kuanzia. Ujumbe wa kosa wa Python usome kutoka chini: mstari wa mwisho unataja kosa ni la aina gani, na iliyo juu yake inakuonyesha limetokea mstari wa ngapi. Maneno yanayojirudia humo si mengi. Yaandike kwenye daftari kwa Kiswahili chako, na kwa kila neno andika kosa lililokukuta nalo. Ukiendelea utahitaji kusoma maelezo marefu zaidi, na uwezo huo unakuja kwa kusoma hayo hayo maelezo. Usije ukatoa hela ya kozi ya kuongea Kiingereza ukidhani ndiyo kikwazo.

Umri? Dorothy Vaughan alizaliwa mwaka 1910 huko Marekani, mwanamke mweusi, mwalimu wa hisabati. Mwaka 1943 aliingia maabara ya utafiti wa ndege ya Langley, Virginia, kwenye kundi la wanawake waliokuwa wakiwapigia wahandisi hesabu kwa mkono, wametengwa chumba chao kwa sababu ya rangi. Kompyuta zilipokuja kufanya kazi ile ile, alikuwa amevuka miaka 45. Alijifunza FORTRAN, lugha ya programu ya wakati huo, na hakuishia kujifunza, aliwafundisha na wenzake ili mashine isiwatoe kazini. Hesabu alikuwa anazijua tangu zamani, alichoongeza ni lugha ya kuziagiza. Wewe una miaka 31 na uko pale pale alipokuwa.

Na la kunyimwa jina lina historia ndefu kuliko ofisi yenu. Februari 1946, Philadelphia, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza hadharani kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC. Walioipanga ifanye hesabu walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Maonyesho yalifana kwa hesabu ya mruko wa kombora la mzinga, iliyoandaliwa na wanawake hao. Usiku ikafanyika karamu ya kusherehekea, na wao hawakualikwa. Ilichukua miongo mingi ndipo majina yao yakaanza kutajwa. Linaniuma kila ninapolikumbuka, na barua yako imelitonesha.

Ndiyo maana nataka uwe na maandishi. Jifunze Git wiki hii. Ni programu ya bure inayotunza kila badiliko, nani kaliandika na tarehe gani. Weka humo programu yako yote bila taarifa za wanachama. Halafu kaa na kijana kabla ya kukaa na meneja. Umesema si mbaya, nami nakuamini. Mwambie waziwazi kwamba ripoti ya bodi imekuumiza, na kwamba unataka muende kwa meneja pamoja. Yeye anajua mambo ambayo wewe bado, kama ulinzi wa nenosiri, mtandao wa ofisi, na nakala rudufu za kila usiku. Kijana mwenye akili ataona kwamba bila wewe mfumo huo utamwadhiri mbele ya bodi. Akikataa, nenda peke yako.

Kwa meneja usiende na manung'uniko. Nenda na karatasi ya ukurasa mmoja: programu inafanya nini, ulianza lini, sehemu zipi umeandika, hesabu za mwezi zilikuwa zinafungwa saa ngapi na sasa saa ngapi. Kisha sema: "Meneja, mfumo huu nimeuanzisha mimi na ninaujua kuliko mtu yeyote hapa. Naomba nitambuliwe kwa maandishi kuwa msimamizi mwenza wa mradi, nipewe muda wake ndani ya saa za kazi, na bodi ipelekewe marekebisho ya ripoti." Ukishasema, nyamaza umsubiri. La posho ya mradi lije baada ya hayo matatu kukubaliwa. Neno lake la "wewe mama" lilikuwa la kukudogosha mbele za wenzako, na una haki ya kumwambia hivyo mkiwa wawili. Soma pia mkataba wako wa ajira unasemaje kuhusu kazi unazobuni, kwa sababu programu uliyoiandika kwa ajili ya shughuli za ofisi, hata kama ni jikoni kwako, ofisi inaweza kudai ni yake. Hilo litakuhusu pia kwa watu wa Dar.

Sasa nyumbani. Kauli ya "watoto wanabaki" ina maana mbili. Inaweza kuwa mtu mpole anayesema kwa uchungu kwamba atabaki na watoto wewe ukiwa masomoni, na inaweza kuwa kitisho. Muulize alimaanisha ipi, mkiwa wawili, mchana, mkiwa hamjachoka. Ikiwa ni kitisho, usilibebe peke yako, mwite mshenga wenu mlizungumze. Ila kwa jinsi ulivyomweleza, nahisi ni mtu anayeona mke anaondoka kila usiku na yeye hajaambiwa anakwenda wapi. Siku ya kwanza ulimwamsha ukamwonyesha. Je, ulimwonyesha tena? Yeye ni fundi. Gari likija na mlio hafungui injini nzima, anasikiliza, anatenga kimoja kimoja mpaka ampate mchawi, na wewe kosa kwenye programu unalisaka hivyo hivyo. Mkalishe umwonyeshe kosa moja lililokushinda, umwache aulize maswali ya kifundi. Huenda akakusaidia kweli.

Na hilo jikoni la usiku wa manane lifungwe. Unafanya kazi mchana, unalea, halafu unaiba usingizi wako mwenyewe, hutafika mbali hivyo. Pangeni jioni mbili kwa wiki, saa 2 hadi saa 4 usiku, baba ndiye anayelisha na kulaza watoto, pamoja na Jumamosi asubuhi. Siku nyingine kompyuta ibaki kwenye begi. Anayesema watoto wa kulazwa ni kazi ya mama tu, mwambie hapana, kwa heshima lakini hapana. Mama mkwe ndiye anayewezesha wewe kwenda kazini, na sijaona kwenye barua yako kama kuna aliyemshukuru. Mshukuru, mpe siku yake ya kupumzika. Mueleze kwa lugha yake kwamba mashine hiyo ndiyo inayokurudisha nyumbani mapema mwisho wa mwezi, maana ndiyo kweli.

Nimeacha Dar mwisho kwa sababu jibu lake linategemea yote niliyosema. Kwa masharti waliyokupa, mimi sikushauri uende. Posho ya 300,000 ni chini ya nusu ya mshahara wako. Chumba Dar utadaiwa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, nauli ya daladala kila siku, na nyumba ya Iringa bado inakula. Baada ya miezi sita hakuna walichokuahidi, na kazi uliyoiacha itakuwa na mtu. Ipo milango mizuri ya kuwaingiza wanawake kwenye fani hii, kama AkiraChix ya Nairobi tangu 2010 na Apps and Girls ya Dar es Salaam tangu 2013, na nawaheshimu sana, lakini imejengwa kwa mabinti wadogo kuliko wewe. Mlango uliojengwa kwa ajili ya mama mwenye kazi na familia mimi sijauona, kwa hiyo wewe itakubidi ujadiliane.

Na una cha kujadili nacho. Wale wanatengeneza mifumo ya taasisi ndogo za fedha, na wamemwita mtu mwenye cheti cha uhasibu anayejua kupiga riba ya salio linalopungua akiwa usingizini. Hawakukuita kwa huruma. Waulize kwa maandishi: nani atakayenisimamia na ana uzoefu gani? Mafunzo yakiisha, mnaajiri kwa vigezo gani, na kundi lililopita waliajiriwa wangapi? Nitakachoandika kitakuwa cha nani? Naweza kufanya sehemu ya mafunzo nikiwa Iringa?

Halafu wape pendekezo lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kama hujaitumia, waambie utakwenda Dar kwa wiki hizo nne, wakulipe posho ya mwezi, mkubaliane kazi moja ya kukamilisha, kwa mfano sehemu ya ratiba za marejesho, uiandike upya kuanzia mwanzo bila mstari hata mmoja wa programu ya ofisini. Kwanza hakikisha mkataba wako haukuzuii, na meneja ajue, kwa kuwa hao ni wauzaji wa mifumo na chama chenu kinaweza kuwa mteja wao kesho. Utakuwa umeiona kazi yao kwa macho, nao watakuwa wamekuona, mshahara wa Iringa ukiendelea kuingia na watoto wakijua mama anarudi baada ya wiki nne. Wakikutaka baada ya hapo, waje na mkataba wa ajira na kiasi kisichopungua unachopata sasa, ndipo utoe notisi yako ya siku 28.

Wakikataa kujibu maswali hayo yote, wajibu kwamba huendi, na Jumatatu yake mpelekee meneja karatasi yako.